Kufyeka kiwanja kilichogeuka pori bila kumuua kalunguyeye: mwongozo kamili kwa wakazi wa Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikikatika kuelekea Mei, viwanja vingi vya Iringa huwa vimewashinda wenyewe. Kuanzia Kihesa mpaka Ipogolo utakuta uwanja wa nyuma ya nyumba uliolimwa Desemba, ukapaliliwa mara moja, kisha ukasahaulika. Sangari imefunika matuta, alizeti pori imepita ukuta, kishona nguo kinamsubiri kila anayekatiza, na katikati kuna msingi wa nyumba ambayo haijapandishwa pamoja na tofali za kuchoma zilizopangwa enzi hizo. Mwenyekiti wa mtaa ameshapita, kasema pafyekwe. Jirani naye kila akikuona anataja nyoka. Unatafuta vijana wawili, unawapa fyekeo na kibiriti, jioni kiwanja cheupe.

Kwenye pori la namna hiyo mara nyingi yumo kalunguyeye. Usiku anakula mchwa, konokono, mende, jongoo na sota wale wanaokata miche ya kabichi. Kukikucha anajikunyata chini ya nyasi kavu au kwenye upenyo wa tofali, analala.

Shida iko hapa: kalunguyeye akihisi hatari hakimbii. Anaficha uso, anaingiza miguu tumboni, anasimamisha miiba na kutulia. Mbele ya mbwa au mbweha mbinu hiyo humwokoa mara nyingi. Mbele ya fyekeo, mashine ya kufyekea au moto, hiyo hiyo ndiyo inayomuua, maana anabaki palepale kimya mpaka chuma kimfikie. Sungura atachomoka, panya atachomoka, kenge atapita mbio, yeye atabaki. Watu husema, "Tupige kelele, watatoka." Nyoka huenda akatoka, kalunguyeye hatoki. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Kwanza, jua ni nani anayekutembelea

Wengi humchanganya na nungunungu, na anayeumia ni kalunguyeye. Nungunungu ni mnyama mkubwa mgugunaji, anaweza kufika kilo 20, ana miiba mirefu ya mistari myeusi na myeupe, na ndiye anayefukua viazi na mihogo. Kalunguyeye mkubwa ana gramu 250 hadi 600 tu. Miiba yake ni mifupi, haizidi sentimita 2 hivi, na akijikunja ni kama chungwa kubwa. Pua na eneo la macho ni rangi ya kahawia iliyoiva, paji la uso na tumbo vina manyoya meupe. Matuta yako ya viazi yakifukuliwa, tafuta mwingine wa kumlaumu.

Kabla hujagusa jani, hakikisha kama anakuja na anapita wapi. Njia rahisi kuliko zote ni majivu. Chekecha majivu ya jikoni, tandaza tabaka jembamba lenye upana wa nusu mita hivi kwenye uwazi wa uzio na kwenye vijia vidogo vinavyoingia nyasini. Fanya hivyo saa kumi na mbili jioni, siku isiyo na upepo, kisha ukasome asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Nyayo za miguu ya mbele zitaonyesha vidole vitano na za nyuma vidole vinne. Panya ni kinyume chake: mbele vinne, nyuma vitano. Inamia kabisa uangalie, maana ukiwa umesimama nyayo zote ni nukta tu.

Dalili nyingine ni choo chake, vipande vyeusi vya sentimita 2 hadi 3. Ukikivunja kwa kijiti utaona vigamba vya wadudu vinavyometa ndani yake. Pia utakuta vishimo vidogo vya ncha ya pua kwenye udongo laini, hasa pembeni mwa matuta ya mboga. Ukipata muda kaa nje kuanzia saa moja na nusu usiku, tochi ukiwa umeifunika kitambaa chekundu. Utamsikia kabla hujamwona: anakoroma na kupuliza pua kuliko unavyotegemea kwa mnyama wa ukubwa ule.

Rudia kwa usiku kadhaa. Akiwa anapita tu, kazi yako ni nyepesi. Akiwa analala humo humo kiwanjani, zingatia kila kinachofuata.

Majira ya kufyeka

Kama una uhuru wa kuchagua, fyeka kati ya Mei na katikati ya Juni. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu.

Kalunguyeye huzaa majira ya mvua, wakati wadudu ni wengi. Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, kwa hiyo kipindi hicho chote chukulia kwamba kunaweza kuwa na watoto chini ya nyasi. Mimba huchukua wiki tano hivi. Kwa kawaida huzaa watoto wanne au watano, wakati mwingine zaidi. Huzaliwa vipofu, macho hufunguka baada ya wiki mbili na zaidi, na hujitegemea wakiwa na wiki sita hivi. Mama akifumuliwa siku za mwanzo anaweza kuwatelekeza au hata kuwala. Kufunua kiota na kukifunika tena kwa huruma si dawa ya uhakika. Dawa ni kutokifunua.

Baadaye, Juni ikishakomaa, baridi inaingia na wadudu wanapungua. Kalunguyeye naye hupunguza mwendo, hujificha na kulala kwa muda mrefu zaidi mwili ukiwa umepoa. Ukimtoa kwenye kitanda chake katikati ya Julai na upepo ule wa Iringa, unamtoa bila nguvu na bila chakula. Walioko Mafinga, Njombe na kwingineko ambako sakitu huonekana asubuhi wawahi zaidi, wamalize Mei.

Mei, kwa hiyo, watoto wengi wameshatawanyika, mkubwa bado ana mafuta mwilini na anatembea kila usiku, na nyasi bado zina ubichi kiasi kwamba cheche ya sigara haiteketezi mtaa. Septemba na Oktoba pia panafaa kwa upande wa joto, lakini kila kitu kimekauka, na kila aliyeshika fyekeo ana hamu ya kibiriti.

Na mwenyekiti akikubana Februari? Fyeka mbele ya nyumba, njia, na ukanda wa mita 3 kuzunguka nyumba na choo. Hapo nyoka hapati pa kujificha karibu na mlango, uwanja unaonekana nadhifu kutoka barabarani, na hakuna kalunguyeye anayependa kuzalia hatua tatu kutoka jikoni kwako. Pori la nyuma mwombe akusubiri hadi Mei. Mweleze sababu, asije akadhani ni uvivu. Mbu anaowahofia wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo mwonyeshe kwamba umemwaga makopo na matairi yenye maji.

Vifaa, na malipo ya vibarua

Utahitaji fyekeo au kwanja lililonolewa, panga, reki ya meno mapana, uma wa shamba, toroli, gambuti, glavu za ngozi, fimbo ndefu ya mita moja na nusu, na ndoo pana au boksi gumu lenye nyasi kavu ndani. Vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye vigingi navyo visikosekane. Mashine ya kufyekea inaruhusiwa kwa sehemu moja tu ya kazi, nitaitaja.

Suala la malipo linaonekana halihusiani na wanyama, lakini kwangu mimi ndilo linaloamua nani atapona. Ukipatana kazi nzima kwa bei moja, kijana anatafuta njia fupi, na njia fupi ni moto. Lipa kwa siku, au gawa kiwanja vipande na ulipe kila kipande kikikaguliwa. Uwepo mwenyewe. Waeleze mapema, kwa heshima, bila kuwafanya wajione wajinga.

"Mama, na tukimkuta?"

"Mnasimama, mnaniita. Hamumgusi, hamumpigi. Nalipa siku yenu kamili hata kazi ikisimama saa nzima."

Sentensi hiyo ya mwisho inafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya uhifadhi.

Waambie pia kuhusu nyoka, maana hofu yao ina msingi. Kifutu hulala kwenye nyasi na majani makavu bila kutikisika, na ukimkanyaga anauma. Gambuti zivaliwe na wote, fimbo itangulie mkono, na asiwepo wa kuingiza vidole chini ya tofali au gogo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali hapo hapo. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba ya kukaza.

Tengeneza makazi kabla hujabomoa makazi

Wiki moja au mbili kabla ya kufyeka, chagua kona ya nyuma iliyo mbali na nyumba, choo, banda la kuku na mahali watoto wanapocheza. Kona yenye uzio wa michongoma ni bora, kwa kuwa mbwa hapitishi kichwa humo. Kama uzio wako ni wa minyaa jihadhari na utomvu wakati wa kukata: ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unahitaji kuosha kwa maji mengi kisha kwenda hospitali.

Hapo jenga kibanda cha tofali. Panga tofali za kuchoma bila udongo wala saruji, upate chumba cha ndani chenye sentimita 40 kwa 30, kwenda juu sentimita 25 hadi 30. Acha mlango wa sentimita 13 kwa 13, na mbele yake panga tofali mbili sambamba upate kijia kifupi, ili paka na mbwa wasiweze kuingiza mkono mpaka ndani. Mlango utazame kaskazini au magharibi, kwa sababu upepo wa baridi wa Juni na Julai hutoka kusini-mashariki. Ezeka kwa ubao, juu yake bati chakavu lililokandamizwa kwa mawe, halafu tupia udongo na matawi. Bati peke yake litamchoma mchana na kumgandisha usiku.

Ndani usimpangie kitanda. Weka konzi chache za nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, na nyingine ziache mlangoni azivute mwenyewe. Usitumie vipande vya viroba vya sandarusi hata kidogo. Nyuzi zake humviringa mguuni, kadiri anavyotembea zinakaza, na mguu unakatika taratibu. Ukiokota kiroba chochote kilichochakaa kiwanjani kitie kwenye taka za kubebwa.

Pembeni ya kibanda acha ukanda usiofyekwa kabisa. Mita 2 kwa mita 5 zinatosha kwenye kiwanja cha kawaida. Hii ndiyo sehemu wenye nyumba hupata kigugumizi, wanaona kama kazi haijaisha. Ukitaka ionekane ya makusudi, ipigie mstari wa mawe mbele au panda safu ya rozimari.

Siku ya kwanza ya kufyeka

Zungukia kiwanja na fimbo, funga kitambaa chekundu kwenye kila mahali pa mashaka: rundo la tofali, magogo, shina la lantana lililofumana, kichuguu, kona za msingi, rundo la mabua ya mwaka jana. Mahali penye kitambaa hakuna mashine wala fyekeo, ni mkono na panga fupi.

Kisha anza upande ulio mbali na kona uliyoiacha na usogee kuielekea, ukanda kwa ukanda, kila ukanda mita mbili hivi. Usianze pande zote kwa pamoja mkakutana katikati, kwa kuwa mtamzingira. Akiamua kuhama usiku, awe na kifuniko mfululizo mpaka kwenye kona yake.

Kata nyasi ibaki na urefu wa sentimita 30. Ndiyo, juu hivyo. Kibarua atakucheka, lakini hapo fyekeo linapita juu ya mgongo wa kalunguyeye aliyejikunja na kumwacha mzima. Hapa ndipo mashine ya kufyekea inaruhusiwa, na tena penye nafasi tu. Baada ya hapo ondoka, acha usiku mbili zipite bila kugusa. Kivuli kimepungua, mwanga na upepo vimeingia, pale alipokuwa amelala sasa panaonekana, na wengi hujihamisha wenyewe gizani. Tandaza tena majivu kwenye mpaka wa kona. Nyayo zikielekea ndani, kazi imekwenda vizuri.

Siku ya pili ya kufyeka

Sasa mnashuka hadi chini. Mmoja atangulie na reki au fimbo, afunue nyasi polepole mbele ya hatua zake, mwenzake afuate na fyekeo nyuma kwa umbali salama. Kinachotafutwa ni tuta dogo la nyasi na majani lililobanwa kwa duara, mara nyingi chini ya kichaka au ubavuni mwa jiwe. Likiwa tupu na baridi, endelea. Likiwa na joto ukikaribisha kiganja chenye glavu, au likipumua, simama.

Anza saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Maliza saa kumi ili kilichosalia kiwe na jioni tulivu.

Lantana na alizeti pori usizifyeke tu zikachipua maradufu baada ya wiki tatu. Kata matawi yaondoke, kisha shina lichimbwe kwa sururu kuanzia nje kuelekea ndani. Majani mabichi ya alizeti pori usitupe, yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu ya kutosha. Yaloweke kwenye pipa la maji kwa wiki mbili, yachuje, ongeza maji na unyweshee mboga. Pipa lifunikwe. Mizizi ya sangari ianikwe juu ya tofali au bati mpaka ivunjike kwa mkono, vinginevyo itaota ndani ya mboji yako.

Tofali na msingi

Kwenye viwanja vyetu hapa ndipo kalunguyeye hulala zaidi, nyasini ni ziada. Rundo la tofali lililokaa miaka lina nyufa, joto la mchana, mende na nge. Kwake ni hoteli na mgahawa kwa pamoja. Kama hujengi mwaka huu, liache, fyeka pembeni yake kwa mkono tu. Kama lazima lihame, libomoe Mei, asubuhi, kuanzia juu tofali moja moja. Usisukume ukuta mzima uanguke, na usirushe tofali ardhini pembeni, kwa sababu aliyeko chini hujui yuko upande gani. Mkishafika safu mbili za mwisho, tumia fimbo kuinua, si vidole.

Msingi na mashimo ni mtego wa aina nyingine. Kalunguyeye huona hafifu. Anadumbukia kwenye mtaro wa msingi, shimo la taka au choo cha zamani, na kuta zikiwa wima hatoki tena. Kila shimo liwekewe ubao wa kupandia uliolazwa kwa mteremko mpole, wenye vipande vya mti vilivyopigiliwa kwa kukatiza kila sentimita 10 apate pa kukanyagia. Tangi la chini lifunikwe. Beseni la kunyweshea bata liwekewe mawe ndani. Vyandarua vya kukinga miche vivutwe viwe sentimita 20 juu ya ardhi au vikunjwe kila jioni, maana akinasa anajikunja na kujifunga zaidi.

Takataka za kufyeka

Msichome rundo lililolala kiwanjani. Nyasi zilizorundikwa jioni, kesho asubuhi tayari ni kitanda cha mtu. Nasema hivi nikijua kwamba huku Nyanda za Juu Kusini moto ni desturi ya kila Agosti, na kwamba jivu linasifiwa kwa kuotesha mboga. Linaotesha, msimu mmoja, halafu udongo unabaki bila mboji ya kushikilia maji.

Fanya mboji. Chagua mahali penye kivuli, tandaza vijiti vikavu chini, panga tabaka la nyasi kavu la sentimita 20, tabaka la mabichi, konzi za samadi, udongo kidogo, maji, kisha rudia mpaka urefu wa kifua. Geuza baada ya wiki tatu. Hapo nako kuna tahadhari: mboji ina joto na wadudu, atahamia. Chomeka uma juu na kufunua kwa ubavu, usiudidimize katikati kwa mguu.

Kama kuna miti yenye ugonjwa ambayo lazima ichomwe, ihamishie sehemu nyeupe na uichome siku hiyo hiyo iliporundikwa. Au panga upya rundo zima kipande kwa kipande kabla ya kuwasha, na uwashe upande mmoja tu.

Ukimkuta

Mkubwa peke yake, mzima: vaa glavu, mwinue kwa mikono miwili kutoka chini, mweke kwenye ndoo yenye nyasi, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Mpeleke kwenye kibanda ulichojenga, mwache mlangoni kivulini, ondoka. Usimpeleke porini kwa nia njema. Njia zake za chakula, maji na maficho zote anazijua hapa, na huko umpelekako ataanza sifuri. Osha mikono kwa sabuni, kwa sababu anaweza kubeba vimelea vya kuharisha na fangasi wa ngozi.

Watoto: rudisha majani kama yalivyokuwa, bila kuwashika, funga kitambaa chekundu mita 3 kuzunguka pale, na eneo hilo liachwe wiki sita. Endelea kwingine. Kama mama ameuawa au hajarudi hadi kesho yake, hapo tafuta msaada wa daktari wa mifugo.

Aliyejeruhiwa: boksi lenye kitambaa, mahali pa joto na giza, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa nguo pembeni yake, maji ya kunywa kwenye kisosi. Maziwa hapana, yanamharisha na anaweza kufa kwayo. Mayai ya inzi, yale meupe madogo kwenye kidonda, yaondolewe haraka kwa kibanio. Kisha nenda kwa daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata. Anayeyumba nje saa sita mchana, hata kama hana kidonda, naye ni mgonjwa.

Vijana watauliza kama wanaweza kumfuga au kumuuza. Ulaya na Marekani kalunguyeye wa Afrika anafugwa ndani ya nyumba, video zimejaa mtandaoni, na swali haliepukiki. Jibu ni kwamba kukamata na kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imeliweka hilo.

Sumu na mbwa

Baada ya kufyeka kila mtu anataka kupulizia. Sumu ya panya ikitegwa wazi, kalunguyeye anaweza kuila yenyewe au kula wadudu waliokwisha kuila. Tumia mitego ya ndani ya nyumba, au tega sumu kwenye boksi lenye tundu dogo lisilompitisha. Chembechembe za kuua konokono ni mbaya zaidi, na hazina maana yoyote ukiwa na mla konokono anayefanya kazi bure. Viuagugu sina hamu navyo kwenye uwanja wa nyumbani. Jembe linatosha. Ukilazimika, kamwe si kwenye ukanda ulioachwa wala ndani ya mita chache kutoka kwake.

Mbwa afungwe usiku zile siku za kufyeka na wiki moja baadaye, maana ndipo kalunguyeye anatembea huku na huku akitafuta pa kukaa na kifuniko kimepungua. Ukuta wa tofali uliozunguka pande zote umkatie tundu la sentimita 13 kwa 13 chini, upande wa jirani asiye na mbwa mkali. Geti la bati liachwe na nafasi hiyo hiyo chini.

Miezi inayofuata

Juni hadi Agosti usiguse kona wala kibanda. Kwingine fyeka kidogo kidogo kila mwezi, ukiunganisha na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyasi zisizidi kifundo cha mguu. Nyasi fupi hazina pa kulala, kwa hiyo huhitaji tena ukaguzi ule mrefu. Kisosi cha maji kikae nje kuanzia Agosti hadi mvua, kibadilishwe kila siku.

Septemba ng'oa machipukizi ya lantana yakiwa bado membamba. Oktoba chungulia kibanda mchana kwa tochi. Kama hakuna mtu, rekebisha paa. Novemba, kabla ya mvua ya kwanza na kumbikumbi wake, kagua mbao zote za kwenye mashimo, badilisha zilizoliwa na mchwa, halafu andaa matuta ya mahindi ukianzia upande wa nyumba.